Louis Pasteur, Aliyetenga Kulia na Kushoto

Wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliokwisha kumaliza shule, leo nataka kuwasimulia habari za maisha ya Louis Pasteur. Lakini niwieni radhi, maana lazima nianze na kandambili.

Mwaka jana, nilipokuwa kidato cha tano, umeme ulikatika bwenini saa ya kwenda kujisomea usiku. Nikapapasa chini ya kitanda, nikavaa kandambili zilizonijia mguuni, nikakimbia. Nilipofika darasani penye taa ya karabai, wenzangu wakaangua kicheko. Nilikuwa nimevaa kandambili mbili za kushoto. Mwenzangu anayelala kitanda cha juu naye akaingia nyuma yangu akichechemea katika mbili za kulia. Zote nne zilikuwa za rangi moja, namba moja, na zimenunuliwa duka moja.

Nilicheka pamoja na wenzangu, lakini moyoni sikuwa na raha. Siku hiyohiyo tulikuwa tumerudishiwa majaribio ya kemia. Swali moja liliuliza asidi tatariki ina namna ngapi za stereoisomeri, yaani namna ngapi za vitu vyenye atomu zilezile, zilizoshikana kwa mfuatano uleule, lakini zimepangika mbalimbali katika nafasi. Mimi nilikuwa nimekariri kanuni. Kaboni mbili za aina ile, kila moja ina namna mbili, basi mbili mara mbili ni nne. Nikaandika nne. Jibu ni tatu. Halikuwa kosa langu la kwanza katika somo hilo, na nilikwisha kuandika barua ya kumwomba mwalimu mkuu aniruhusu kuacha kemia na kuchukua somo jingine.

Mwalimu wetu wa kemia alipopata habari ya barua ile, hakunikemea. Alinipa kitabu cha maisha ya Pasteur akaniambia nisome sura za kwanza kabla ya kuitoa barua. Wengi wetu twamjua bwana huyu kwa habari ya kichaa cha mbwa na ya kuchemsha maziwa. Wachache wanajua kwamba kazi yake ya kwanza, aliyoifanya akiwa kijana wa miaka 25, ilikuwa ni ya kutenga kulia na kushoto.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji mdogo wa Dole, mashariki ya Ufaransa. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa askari wa Napoleon, akapata cheo cha sajini na nishani ya heshima. Vita vilipokwisha akashika kazi ya kutengeneza ngozi, ambayo ni kazi ngumu na ya harufu mbaya. Baadaye jamaa yote ikahamia Arbois, mji uliozungukwa na mashamba ya mizabibu. Nawaomba mlishike neno hilo, mizabibu, maana tutalirudia.

Huyu mtoto hakuwa mwanafunzi wa ajabu. Alilolipenda sana ni kuchora picha za watu, na picha alizochora za mama yake na baba yake zimehifadhiwa hata leo. Mchoraji mzuri ni yule anayejua kutazama, kisha akatazama tena. Alipotimiza miaka 15 alipelekwa Paris kusoma, lakini alikumbuka nyumbani mno hata akawa kama mgonjwa, na kabla ya siku nyingi kupita baba yake ikambidi aende kumrudisha. Ninyi mnaolala bweni kwa mara ya kwanza mwaka huu, msione haya.

Mwaka 1842 alipata cheti chake cha sayansi, na katika kemia watahini walimwandikia kuwa kiasi chake ni hafifu. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Mwaka uleule alijaribu mtihani wa kuingia École Normale, chuo kikubwa cha walimu huko Paris. Alishinda sehemu ya kwanza, lakini nafasi yake ilikuwa ya chini, naye hakuridhika. Akarudi kusoma mwaka mzima, akaufanya tena mwaka 1843, akapata nafasi ya juu.

Sasa nieleze fumbo alilolikuta Paris. Katika mapipa ya divai huganda utandu mgumu, na katika utandu huo hupatikana asidi tatariki. Lakini katika kiwanda kimoja cha Thann, mashariki ya Ufaransa, ilikuwa imepatikana asidi nyingine iliyofanana nayo kwa kila kipimo cha uzito na cha atomu. Hiyo ikaitwa asidi rasemiki, kwa neno la Kilatini lenye maana ya kichala cha zabibu.

Tofauti yao ilionekana katika nuru. Mwaka 1815 mtaalamu mmoja, Jean-Baptiste Biot, alikuwa amegundua jambo la ajabu. Nuru ya kawaida hutikisika pande zote, lakini yaweza kuchujwa ikabaki inatikisika upande mmoja tu, kama kamba inayotikiswa katikati ya nondo mbili za dirisha. Biot aliipitisha nuru iliyochujwa katika maji ya sukari, akaona kwamba ikitoka imegeuka kidogo, kana kwamba zile nondo zimelazwa mshazari. Asidi tatariki nayo hugeuza nuru, na huigeuza kuelekea kulia. Asidi rasemiki haigeuzi hata kidogo.

Mwaka 1844 Mjerumani mwenye sifa kubwa, Eilhard Mitscherlich, alitangaza kwamba amezipima chumvi za asidi hizo mbili, zenye sodiamu na amonia, na kwamba zimefanana kwa atomu zake, kwa uzito, kwa umbo la fuwele na kwa pembe zake zote. Moja yageuza nuru na nyingine haigeuzi, basi. Pasteur alisoma maneno hayo akiwa mwanafunzi, nayo yakamkaa kichwani kama mwiba. Vitu viwili vikiwa sawa kabisa, yawezekanaje vifanye mambo mbalimbali?

Hakubishana na mkubwa huyo kwa maneno. Alitengeneza fuwele zake mwenyewe, akachukua kioo cha kukuzia, akatazama. Katika fuwele za asidi tatariki aliona viuso vidogo vya mshazari pembeni, vyote vimeelekea upande mmoja, wa kulia. Mitscherlich hakuwa amevitia maanani. Pasteur akafikiri kwamba labda viuso hivyo ndivyo vinavyohusika na kugeuza nuru, na kwamba fuwele za rasemiki, kwa kuwa hazigeuzi, zitakuwa hazina upande.

Akazitazama za rasemiki. Kumbe nazo zilikuwa na viuso vya mshazari! Matumaini yake yakavunjika. Mtu mwingine angaliacha hapo. Yeye alitazama tena, moja baada ya moja, na ndipo alipoona kwamba nyingine zimeelekea kulia na nyingine kushoto. Fuwele ya kushoto ilikuwa kama fuwele ya kulia inavyoonekana ndani ya kioo cha kujitazamia. Hazilingani, kama mkono wa kushoto usivyoingia katika glavu ya mkono wa kulia.

Basi akachukua kibanio, akakaa kuzichambua kama mama anavyochambua mchele. Za kulia akaziweka huku, za kushoto kule. Akayeyusha za kulia katika maji, zikageuza nuru kulia. Akayeyusha za kushoto, zikageuza nuru kushoto. Akapima uzito sawa wa fungu hili na hili, akachanganya, na nuru ikapita bila kugeuka. Fumbo likafumbuka. Asidi rasemiki haikuwa kitu kimoja kisicho na nguvu. Ilikuwa vitu viwili, nusu kwa nusu, na kila kimoja kilivuta upande wake hata vikalemazana. Husimuliwa kwamba Pasteur alitoka mbio chumbani, akamkumbatia mtu wa kwanza aliyekutana naye njiani.

Nami pia nilitoka mbio, kwa maana nilikuwa nimekumbuka kandambili zetu. Mimi na mwenzangu, usiku ule, kati yetu tulikuwa na kushoto mbili na kulia mbili. Ukihesabu jumla tu, huoni kasoro yoyote. Ukitazama miguu ya kila mmoja, ndipo unapoona.

Bahati nayo ilimsaidia. Si chumvi zote za asidi hiyo zinazojitenga namna ile katika fuwele. Ni chache sana. Na hata hiyo aliyoitumia hujitenga tu ikiwa joto ni chini ya nyuzi 27 hivi za Sentigredi. Likizidi hapo, kulia na kushoto huganda pamoja katika fuwele moja. Paris ina hali ya baridi, basi ikawezekana. Lau angaliifanya kazi ile Mombasa mwezi wa Februari, au hata hapa Kampala saa nane mchana siku ya jua kali, labda asingaliona kitu. Lakini bahati ile ingalimpita mtu asiyetazama.

Biot wakati huo alikuwa mzee wa miaka 74, naye hakuamini upesi. Alimwita kijana nyumbani kwake, akampa asidi aliyoipima yeye mwenyewe, pamoja na soda na amonia, akataka yote yafanywe mbele ya macho yake. Maji yakaachwa yakauke polepole katika chumba cha Biot. Fuwele zilipoganda, Pasteur akazichambua, za kulia na za kushoto. Mzee akaziyeyusha kwa mkono wake, akaanza na zile za kushoto, ambazo kabla ya Pasteur hakuna aliyepata kuziona duniani. Alipochungulia, nuru ilikuwa imegeuka kushoto. Mzee yule akamshika kijana mkono, na machozi yalikuwa karibu. Tangu siku hiyo akawa kama baba kwake.

Hayo yalikuwa mwaka 1848. Mwezi wa Mei mwaka huo mama yake Pasteur alifariki dunia, na furaha na msiba vikamjia pamoja.

Mwaka 1849 alikwenda kufundisha Strasbourg, akamwoa Marie Laurent, binti wa mkuu wa elimu huko. Bibi huyu alikuwa mwandishi wake na msaidizi wake kwa maisha yote. Mwaka 1852 Pasteur alisafiri mpaka Leipzig, Vienna na Prague akiuliza viwandani asidi rasemiki inatoka wapi. Mwaka 1853 akaweza kuitengeneza mwenyewe kwa kupasha chumvi ya asidi tatariki moto mkali kwa saa kadhaa, nayo ikampatia zawadi ya faranga 1,500. Katika sufuria hiyohiyo akapata na namna nyingine ya asidi tatariki, isiyogeuza nuru na isiyoweza kutengwa kamwe. Hii ndiyo namna ya tatu, ile iliyoniponza mimi katika jaribio.

Mwaka huohuo akaonyesha njia nyingine ya kutenga, isiyohitaji kioo wala kibanio. Alichanganya asidi rasemiki na vitu vilivyotokana na ganda la mkwinini, ambavyo vina mkono mmoja tu. Mkipeana mikono ya kulia, inashikana vizuri; mkono wa kulia ukipewa wa kushoto, hukaa vibaya. Ndivyo ilivyokuwa. Asidi ya kulia na asidi ya kushoto zilishikana na vitu hivyo kwa namna mbalimbali, na chumvi moja ikaganda mapema kuliko nyenzake. Njia hii hutumika viwandani hata sasa.

Kisha akaona jambo lililobadili maisha yake. Kati ya mwaka 1857 na 1860 alionyesha kwamba kuvu ikiota katika chumvi ya rasemiki, hula asidi ya kulia na kuiacha ya kushoto. Kiumbe kidogo kisicho na macho kiliweza kufanya kwa kula kile alichokifanya yeye kwa kibanio. Pasteur akatambua kwamba vitu vyenye uhai hutengeneza na kupenda mkono mmoja. Kwa njia hiyo mtaalamu wa fuwele akaingia katika habari za uchachu, kisha za vijidudu, kisha za magonjwa.

Yaliyofuata mnayajua, nami nitayataja kwa ufupi. Aliwaonyesha watu namna ya kupasha divai moto isiharibike. Aliokoa nondo wa hariri wa Ufaransa. Katika miaka hiyohiyo alizika mabinti watatu, Jeanne mwaka 1859, Camille mwaka 1865 na Cécile mwaka 1866. Oktoba 1868, akiwa na miaka 45, alipooza upande wake wa kushoto, na mkono ule haukupona sawasawa tena. Hakuacha kazi. Tarehe 6 Julai 1885 mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, alianza kuchanjwa kwa chanjo ya Pasteur, akaishi. Mwaka 1888 ikafunguliwa taasisi yenye jina lake huko Paris. Alifariki tarehe 28 Septemba 1895, naye amezikwa ndani ya taasisi hiyo.

Lakini swali moja alikuwa hajalijibu. Ndani ya molekuli, kulia na kushoto vinatoka wapi? Alikisia kwamba atomu zimepangika kama ngazi ya kuzunguka, au kama umbo lenye nyuso nne za pembetatu, lakini hakuwa na hakika. Mwaka 1874 vijana wawili walijibu, kila mmoja kwa njia yake. Mmoja ni Mholanzi, Jacobus van 't Hoff, wa miaka 22. Wa pili ni Mfaransa, Joseph Le Bel, wa miaka 27. Walisema kwamba mikono minne ya kaboni hailali bapa kama tunavyoichora ubaoni. Inaelekea pembe nne za lile umbo la nyuso nne. Ukitia vitu vinne mbalimbali katika pembe hizo, waweza kuvipanga kwa namna mbili, na moja ni taswira ya nyingine katika kioo. Mtaalamu mmoja mkubwa wa Ujerumani, Hermann Kolbe, aliandika kumdhihaki van 't Hoff. Mwaka 1901 van 't Hoff alipewa zawadi ya Nobel ya kemia, ya kwanza kabisa kutolewa.

Hapo nilirudi kwa mwalimu na kitabu chake, nikamwambia nimeelewa fuwele lakini sijaelewa kwa nini isiwe bapa. Akaniambia nivue kandambili moja. Akachomoa kanda zake, ikabaki soli tupu. Ilikuwa soli ya kushoto. Akaigeuza chini juu, ikawa soli ya kulia. Kisha akarudisha kanda, na sasa hata ungeigeuza namna gani ilibaki ya kushoto. Kitu bapa chaweza kupinduliwa kikalingana na taswira yake. Kitu chenye kimo huenda kisiweze. Miezi mingi nilikuwa nikiuchungulia ubao bapa nikitafuta kitu kisichoweza kuonekana pale.

Akaendelea. Akachukua uzi, akafunga kandambili mbilimbili, kwa kuwa asidi tatariki ina kaboni mbili za namna hiyo, na nusu zake mbili zimefanana. Fungu la kwanza, kulia na kulia. La pili, kushoto na kushoto. La tatu, kulia na kushoto. Hili linajilemaza lenyewe, halina la kutengwa. Nikauliza la nne, kushoto na kulia. Akalizungusha lile fungu la tatu mbele ya macho yangu, nikanyamaza. Lilikuwa ndilo lilelile. Na rasemiki si fungu la nne. Ni fungu la kwanza na la pili katika kikapu kimoja.

Jambo hili si mchezo wa darasani. Kwinini, inayotibu malaria, na kwinidini, iliyotumiwa na waganga kutuliza mapigo ya moyo, zina atomu zilezile zilizoshikana kwa mfuatano uleule; zimetofautiana katika nafasi tu. Dawa ya thalidomaidi iliuzwa tangu mwaka 1957 ikiwa mchanganyiko wa kulia na kushoto, na wanawake wajawazito wakaimeza. Watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na vilema kabla ya kuondolewa sokoni tangu mwaka 1961. Wala kutenga mikono yake kusingaliwaokoa, maana ndani ya mwili mkono mmoja hugeuka ukawa wa pili. Siku hizi watengenezaji wa dawa hutakiwa kueleza habari za kila mkono.

Basi, wenzangu, sisemi kwamba kila anayepata alama hafifu atakuwa Pasteur. Nasema hivi tu: wakubwa walikuwa wamekwisha kuandika kwamba vitu vile ni sawa, naye akatazama mwenyewe. Ile barua sikuipeleka. Niliandika nyuma yake jibu sahihi la lile swali, pamoja na mafungu yote matatu. Na tangu hapo umeme ukikatika, sikimbilii kuvaa. Napapasa kanda kwanza.